Kundi la nyuki ulilolikamata: jinsi ya kulituliza mzingani lisihame

Swali: Mtaalamu, salaam. Mimi ni mkulima wa Kondoa. Nimetengeneza mizinga mitatu ya viunzi vya juu kwa mbao mpya, nikaipaka rangi ndani na nje ili isioze. Mwezi uliopita kundi la nyuki lilitua kwenye mwembe wa nyumbani. Saa nne asubuhi nililikung'utia kwenye ndoo, nikalimimina mzingani na kuziba milango. Kesho yake nilizibua, na ilipofika saa sita mchana nyuki wote walitoka wakaondoka, ingawa walikwisha kuanza kipande cha sega chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nilikosea wapi? Na nikipata kundi jingine, naweza kulihamishia shambani kwangu, kama nusu kilomita kutoka nyumbani?

Jibu: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kueleza mambo kwa ukamilifu, hata saa uliyowakung'uta nyuki na ukubwa wa sega walilokuachia. Kipande hicho cha sega ndicho kitakachotuongoza. Kama ulikishika ukakielekeza kwenye mwanga, nina hakika uliona vyumba vya nta nyeupe vilivyo vitupu, labda na tone la asali hapa na pale, lakini hukuona yai hata moja. Nyuki waliohama kwao hawana mali yoyote isipokuwa malkia wao na asali waliyoijaza matumboni kabla ya kuondoka. Mzinga uliowatia haukuwa na kitu chao, kwa hiyo kuuacha hakukuwagharimu zaidi ya nta kidogo. Malkia akishataga, na mayai yakaanguliwa siku ya tatu kuwa majana yanayodai chakula mchana na usiku, hali hubadilika kabisa, kwa sababu vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, hawaachi majana yao kwa wepesi. Yote nitakayokueleza hapa chini yana lengo hilo moja: kuwafanya nyuki wavumilie mzingani kwa siku chache za mwanzo, mpaka majana yapatikane.

Ni vyema kwanza umfahamu nyuki unayemshughulikia. Nyuki wetu wa bara, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera scutellata, amezoea nchi ya ukame, moto wa nyika na maua ya msimu, na kuhama ni sehemu ya maisha yake kuliko ilivyo kwa nyuki wa Ulaya. Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtaalamu wa jenetiki wa Brazili, alipeleka nchini kwake malkia kutoka Afrika, wengi wakiwa wa Afrika Kusini na wachache wa Tanganyika. Mwaka uliofuata, vizuizi vilivyowekwa milangoni ili malkia wasitoke viliondolewa, na makundi 26 yakatoweka kutoka kwenye mizinga ya Rio Claro. Nyuki waliotapakaa baadaye Amerika ya Kusini mpaka Marekani ni uzao wao uliochanganyika na nyuki waliokuwapo huko. Nakueleza haya ili ujue kwamba kuhama kwa kundi lako si ishara kwamba una mkono mbaya wa nyuki, kama majirani wanavyopenda kusema. Nyuki wetu anahitaji sababu ya kubaki, na sababu hiyo inaweza kuandaliwa.

Makundi yanayotua mitini nayo hayafanani. Lipo linalotokana na koloni kujigawa wakati wa maua mengi. Likiwa la kwanza kutoka, huongozwa na malkia mzee aliyekwisha kupandwa, ambaye huweza kutaga mara tu vyumba vya nta vikiwa tayari. Makundi yanayofuata kutoka koloni hilohilo huwa madogo zaidi na huongozwa na malkia mwanamwali, ambaye lazima kwanza aruke kwenda kukutana na madume angani, kwa hiyo mayai huchelewa. Lipo pia kundi linalohama kwa njaa, kiu, moto au kushambuliwa na siafu. Hilo limechoka, matumbo yake ni matupu, na ndilo lenye ukali. Bumba lililotulia mwembeni wakati wa maua mara nyingi ni la aina ya kwanza au ya pili, na upole unaouona hapo unatokana na kushiba na kukosa nyumba ya kulinda.

Sasa nije kwenye makosa. Rangi uliyopaka ndani ndiyo iliyoniumiza zaidi niliposoma barua yako, maana nina uhakika ulitumia fedha na ukadhani unawatendea wema. Nyuki huishi kwa harufu: humtambua malkia kwa harufu, huitana kwa harufu na hupeana tahadhari kwa harufu. Ndani ya mzinga uliopakwa rangi mpya na kufungwa usiku kucha, harufu ya rangi hufunika nyingine zote. Rangi ipakwe nje tu, na mzinga uachwe wazi kivulini kwa wiki kadhaa. Hiyo mizinga mitatu usiitupe. Kwangua rangi ya ndani mpaka ubao uonekane, babua ubao kidogo kwa moto wa nyasi, kisha usugue kwa nta iliyoyeyushwa. Ukiweza kupata gundi ya nyuki iliyokwanguliwa kwenye mzinga wa zamani, ipake kuzunguka milango, kwa sababu mzinga uliowahi kukaliwa huwavuta nyuki kuliko mpya wowote.

Kosa la pili ni saa. Saa nne asubuhi wapelelezi wa kundi huwa wametawanyika wakitafuta makao. Mtafiti Martin Lindauer, huko Ujerumani mwaka 1949, aliona juu ya bumba nyuki waliokuwa wakicheza ngoma ileile inayowaelekeza wenzao kwenye maua, lakini hawa hawakuwa na chavua wala mbochi. Miili yao ilikuwa imechafuka kwa masizi na vumbi la matofali, maana walitoka kukagua mabomba ya moshi na magofu ya jiji la Munich. Ndivyo ilivyokuwa kwenye mwembe wako. Wapelelezi waliobaki nje waliporudi, walikuta bumba limeondolewa, na wengine waliokuwa ndani ya ndoo huenda walikwisha kuafikiana na wenzao juu ya pango au mti fulani. Ulipozibua milango kesho yake, safari yao iliyokatizwa iliendelea. Kundi likikamatwa jua likizama, wapelelezi wote wakiwa wamerejea, linakuwa zima, na lina usiku mzima wa kuzoea mahali papya. Likikamatwa siku hiyohiyo lilipotua, ni bora zaidi kuliko kungoja siku ya tatu, wakati uamuzi wao umekwisha kukomaa.

Kuziba milango kabisa nako kulizidisha fadhaa. Nyuki elfu kadhaa katika sanduku lisilopitisha hewa hupandisha joto, na joto huwafanya wakimbie huku na huko badala ya kujikusanya kwenye viunzi na kuanza kujenga. Ikibidi kufunga wakati wa kuwasafirisha, tumia wavu wa chuma wa madirishani, hewa ipite.

Basi tuandae mzinga kabla kundi halijaja. Viunzi viwe na upana wa milimita 32, kwa kuwa nyuki wetu hujenga masega yaliyokaribiana kuliko wa Ulaya, na chini ya kila kiunzi upitishe mstari mwembamba wa nta iliyoyeyushwa, katikati kabisa, ili wajenge wima na kwa kufuata kiunzi. Kundi dogo lisiachiwe mzinga mzima wenye viunzi karibu 30. Weka ubao wa kugawia ubakize viunzi 8 hadi 10 upande wenye milango, kwa sababu nyuki wachache katika chumba kikubwa hushindwa kutunza joto, na majana yanahitaji nyuzijoto 34 hadi 35. Punguza milango ibaki miwili au mitatu yenye kimo cha milimita 8 hivi. Paka nta kidogo ndani, kisha ponda majani ya mchaichai uyasugue kwenye mlango na kwenye viunzi viwili vya katikati. Mchaichai una kemikali ya harufu iitwayo sitrali, ambayo imo pia katika harufu ambayo vibarua huitoa nchani mwa matumbo yao wanapoitana, ndiyo maana wazee wengi waliutumia bila kuambiwa na mtu.

Mzinga utundikwe kwa waya, chini ya mti wenye kivuli cha mchana kutwa, kwenye kimo cha kiunoni au kifuani, na kila waya upakwe grisi nzito ili sisimizi na siafu wasipite. Hakikisha hakuna tawi wala jani linalogusa mzinga, maana mdudu anahitaji daraja moja tu. Maji yawe karibu. Karai lenye kokoto ambazo nyuki watatua bila kuzama linatosha. Sega jipya jeupe ni laini sana, na jua la saa nane kwenye bati lisilo na kivuli huweza kulidondosha pamoja na mayai yote. Nimewahi kupoteza kundi zuri kwa njia hiyo: siku ya tano nilikuta masega manne yamelala sakafuni mwa mzinga, asali imevuja, na sisimizi wamekwisha kupanga mstari.

Jioni ya kukamata, vaa mavazi kamili na kofia yenye wavu, washa bomba la kufukizia nyuki uliweke pembeni, na watoto na mifugo wawe mbali. Hata kundi pole hubadilika mtu akiliminya. Ukinusa ghafla harufu kama ya ndizi mbivu, hiyo ni harufu ya tahadhari inayotoka kwenye miiba, basi rudi nyuma taratibu uwafukize kidogo. Mtu aliyeumwa akianza kuvimba midomo au ulimi, au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali papo hapo bila kungoja kuona kama atapata nafuu.

Usilifukize bumba lenyewe kwa moshi mwingi, utalifukuza. Nyunyizia maji safi kama ukungu, mabawa yalowe, nao watakazana kushikamana. Kama wameshika tawi jembamba, lishikilie kwa mkono mmoja na kulikata polepole kwa mwingine, ulibebe bumba zima mpaka mzingani. Kama ni tawi nene, weka kasha chini yake na kulitikisa kwa nguvu mara moja. Mtikiso wa kusitasita huwaangusha nusu na kuwaghadhibisha waliobaki. Ukifika mzingani, unaweza kuondoa viunzi vichache, kumimina nyuki ndani na kurudishia viunzi pole bila kuwabana. Njia ninayoipenda zaidi ni ya shuka. Tandika shuka nyeupe juu ya ubao unaopanda kutoka ardhini mpaka kwenye mlango, kisha mwaga nyuki kwenye shuka. Kwa dakika moja au mbili watatambaa ovyo. Halafu mmoja atafika mlangoni, atainua tumbo, atasimama imara na kupepea mabawa kwa kasi, na wengine watafanya vivyo hivyo kandokando yake. Hapo utaona jambo ambalo baada ya miaka mingi bado linanisimamisha: lile rundo lote hugeuka upande mmoja na kuanza kupanda shuka kwa miguu kama maji yanayopanda kilima, na ukitega sikio utasikia mchakacho wa miguu yao kwenye kitambaa.

Mtazame malkia wakati huo. Tumbo lake ni refu na limechongoka, mabawa yake yanaonekana mafupi kwa kuwa hayafiki mwisho wa tumbo, na huenda kwa hatua ndefu kuliko vibarua. Ukimwona anaingia, kazi ya usiku huo umeimaliza. Ukijiamini, mkamate kwa mabawa, kamwe si kwa tumbo, umtie katika kitundu kidogo cha wavu wa chuma ambacho vibarua wanaweza kumlisha kupitia matundu yake, kisha ukining'inize kati ya viunzi viwili vya katikati. Kundi halihami bila malkia. Mfungulie siku ya tatu, jioni, masega yakiwa yamefika ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Usimweke zaidi ya hapo, kwa sababu kama ni mwanamwali anahitaji kutoka kwenda kupandwa, na kama ni mzee hawezi kutaga akiwa kifungoni. Wapo watakaokushauri umkate bawa. Mimi nakataa ushauri huo kabisa: mwanamwali aliyekatwa bawa hatapandwa maisha yake yote, na mzee aliyekatwa huanguka chini ya mzinga siku kundi linapoamua kuondoka, akafa hapo.

Kuliko kitundu cha malkia, ninaamini zaidi kiunzi chenye majana, na hapa ninakuomba uweke bidii yako yote. Kama wewe au jirani yako ana koloni lenye nguvu, chagua kiunzi chenye sega lenye mayai na majana machanga yaliyo wazi, likung'ute nyuki wote bila kumbeba malkia wao, na ulitie katikati ya mzinga mpya muda mfupi kabla ya kuwaingiza wageni. Sega la kiunzi cha juu halina fremu ya kulishika pande zote, hivyo libebe wima kama linavyoning'inia. Ukililaza kama sahani litavunjika mkononi. Kama jirani ana mizinga ya magogo tu, muombe kipande cha sega lenye majana kadiri ya kitanga cha mkono, ukifunge kwenye kiunzi kwa vipande vya ukili au kamba laini, juu yake pabaki juu kama palivyokuwa. Likague kwanza: majana mazima ni meupe, yanang'aa, yamejikunja kama herufi ya C. Ukiona vifuniko vilivyobonyea na kutoboka, au majana ya rangi ya kahawia yenye harufu mbaya, usiyapeleke kokote, maana utakuwa unahamisha ugonjwa.

Vibarua wakikuta majana yenye njaa huanza kuyalisha usiku uleule, ingawa si ya mama yao. Nimelishuhudia hilo mara nyingi, na makundi niliyoyapokea kwa majana yaliyobaki ni mengi kuliko niliyoyapokea kwa nta na mchaichai peke yake. Tena kiunzi hicho ni bima. Kama malkia aliuawa wakati wa kukung'uta bila wewe kujua, ndani ya siku chache utaona vyumba vinavyoning'inia kama karanga, navyo ni vya kulelea malkia mpya.

Siku tatu za kwanza usifungue kabisa upande wenye nyuki, isipokuwa jioni ya siku ya tatu kumfungulia malkia kama ulimtia kitunduni. Simama pembeni mwa mzinga, si mbele ya mlango, utazame. Nyuki wanaotoka huku wameugeukia mzinga, wakiyumba kushoto na kulia kabla ya kwenda, wanajifunza makao, na hiyo ni dalili njema. Wakianza kurudi na vidonge vya chavua miguuni, ya njano au ya rangi ya chungwa, matumaini ni makubwa zaidi, kwa kuwa chavua ni chakula cha kulelea majana. Kama maua ni haba, yeyusha kilo moja ya sukari nyeupe katika lita moja ya maji, uwape nusu lita kila jioni kwa siku tatu hadi tano, katika bakuli lenye vijiti vya kusimamia, nyuma ya ubao wa kugawia wenye upenyo chini. Usiweke sukari nje mchana, utaalika wezi kutoka mizinga mingine. Usiwape asali ya dukani au ya mtu usiyemjua, kwani huweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa majana. Wakati wa maua mengi sukari haihitajiki.

Siku ya nane, jioni, fungua kwa dakika chache tu, inua kiunzi kimoja cha katikati, jua likiwa nyuma yako. Yai ni jeupe, jembamba kama uzi mfupi, limesimama kwenye kitako cha chumba. Ukiliona, funga na uondoke. Usipoliona, usikate tamaa wala usirudi kesho yake, kwa kuwa huenda malkia ni mwanamwali. Ngoja mpaka siku ya kumi na sita au ya kumi na nane, na kwa muda huo usiugeuze mzinga wala kubadili chochote mbele yake, maana malkia akirudi kutoka kupandwa hutambua mlango kwa alama alizozizoea.

Jambo moja huwatia hofu wengi. Kati ya wiki ya pili na ya tatu kundi hupungua, kwa sababu wazee hufa kila siku ilhali kibarua wa kwanza wa nyuki wetu huhitaji siku 19 au 20 tangu yai hadi kutoka chumbani. Koloni halijaugua. Acha ubao wa kugawia ulivyo, uongeze nafasi pale tu masega yanapokaribia kuufikia.

Kuhusu shamba lako, nusu kilomita si tatizo kwa kundi lililokamatwa jioni hiyohiyo. Nyuki waliohama wamekwisha kuachana na makao ya zamani na wako tayari kujifunza mapya, kwa hiyo lichukue kutoka mwembeni moja kwa moja hadi shambani usiku huo, likapambazukiwe huko. Usiliache nyumbani kwa wiki kwanza. Likishazoea kwako, ukilisogeza nusu kilomita vibarua wa nje watarudi mwembeni kila siku na kupotea, na itakubidi ulipeleke kilomita tatu au zaidi ndipo wajifunze upya. Kwa hiyo tundika mizinga yako shambani tangu sasa, ikiwa imekwanguliwa na kupakwa nta, grisi ikiwa kwenye waya. Inawezekana kabisa kwamba kabla hujapata bumba jingine la kukung'uta, wapelelezi watakuwa wameukagua mmoja na kulileta kundi wenyewe. Nyuki waliouchagua mzinga kwa hiari yao hawahitaji kitundu cha malkia wala kiunzi cha majana. Hao waache mpaka siku ya nane, kisha uwatazame kama nilivyokueleza.